KORODANI ISIYOSHUKA: JAMBO LIPASALO KUTAZAMWA MTOTO ANGALI MCHANGA

Mfugaji hodari anunuapo beberu au fahali wa mbegu hatazami pembe na manyoya peke yake. Huinama akatia mkono nyuma ya mnyama, akahakikisha kwamba korodani zote mbili zimo mfukoni mwake. Akiona moja tu, hukataa kutoa fedha zake, maana ajua kwamba mnyama huyo hafai kwa mbegu. Wala hakuna mtu amwonaye mfugaji huyo kuwa hana haya. Lakini wazazi wengi walio waangalifu hivyo juu ya mifugo yao hawajapata hata siku moja kumtazama mtoto wao wa kiume kwa uangalifu kama huo.

Makala haya yanaeleza hali wanayozaliwa nayo watoto wengine wa kiume, ambapo korodani moja au zote mbili hazimo mahali pake. Hali hii si adimu, wala si laana, na yaweza kurekebishwa. Lakini ina wakati wake wa kurekebishwa, na wakati huo ni mfupi. Maneno yatakayotajwa humu ni ya sehemu za siri. Tutayataja kwa heshima, lakini kwa uwazi. Wazee walisema, “Mficha uchi hazai,” na katika jambo hili methali hiyo ni kweli kwa kila neno lake.

SAFARI YA KORODANI

Tezi za kiume wengine huziita kende, na wengine pumbu. Hapa tutaziita korodani, na ngozi inayozibeba tutaiita mfuko.

Mtoto wa kiume awapo tumboni mwa mama yake, korodani zake hazianzi mahali tunapoziona baadaye. Hufanyika juu, ndani ya tumbo lake, karibu na figo. Kutoka huko zina safari ya kushuka, nayo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hutimia karibu na juma la 15 la mimba, korodani zikiwa zimefika chini ya tumbo, karibu na kinena. Hapo hukaa kwa majuma mengi. Sehemu ya pili huanza karibu na juma la 25, na aghalabu humalizika karibu na juma la 35. Katika sehemu hiyo kila korodani hupita katika njia nyembamba iliyo kinenani, kisha huingia mfukoni.

Kiongozi wa safari hii ni kamba laini ya nyama, iliyoshikamana na korodani upande mmoja na kuelekea mfukoni upande wa pili. John Hunter, daktari mpasuaji aliyezaliwa Uskoti, aliieleza kamba hiyo mwaka 1762, akaipa jina la Kilatini lenye maana ya usukani. Jina hilo lafaa, kwa kuwa chombo kisicho na usukani mwema hakifiki bandarini.

Kwa kuwa safari humalizika karibu na siku za kuzaliwa, si ajabu kwamba watoto wengine huzaliwa kabla haijatimia. Katika kila watoto wa kiume 100 waliozaliwa siku zao zikiwa zimetimia, yapata 3 huonekana na korodani isiyofika mfukoni. Miongoni mwa wale waliozaliwa kabla ya siku zao, idadi hiyo yaweza kufika 30 katika kila 100. Wengi wao humaliza safari baada ya kuzaliwa, katika miezi ya kwanza. Watoto wanapotimiza mwaka 1, waliobaki na hali hii ni yapata 1 katika kila 100.

Hapa ndipo lilipo neno la kushikwa na kila mzazi. Korodani ambayo haijashuka mtoto atimizapo miezi 6 ni nadra sana kushuka yenyewe baadaye. Kungoja baada ya hapo si subira, bali ni kupoteza wakati.

ILIYOKWAMA NA ILIYOPOTEA

Korodani isiyoshuka huwa ya namna mbili. Namna ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, ni ile iliyokwama njiani. Yaweza kuwa bado tumboni, au katika njia ya kinena, au juu kidogo ya mlango wa mfuko. Namna ya pili ni ile iliyopotea njia. Hiyo ilitoka kinenani salama, kisha ikageukia mahali pasipo pake, mfano wa msafiri aliyefika njia panda akashika njia isiyo yake. Huweza kupatikana chini ya ngozi ya kinena, au pajani, au juu ya shina la uume, au nyuma ya mfuko karibu na njia ya haja kubwa. Mara chache sana huvuka ikaenda upande wa mwenzake.

Aghalabu hali hii huwa upande mmoja tu, na upande wa kuume ndio unaopatwa zaidi. Mtoto hasikii maumivu, hucheza, hunyonya na kunenepa kama wenzake. Kwa hiyo hakuna kilio kitakachomwamsha mzazi. Asipotazama, hatajua.

KWA NINI MFUKO UKO NJE YA MWILI

Mtu aweza kuuliza: Kama korodani ilianza tumboni, itadhurika nini ikibaki huko? Jibu ni joto. Ndani ya mwili wa mtu mna joto la digrii 37 za Sentigredi. Mfukoni joto hilo hupungua kwa digrii 2 hadi 4. Wakati wa baridi mfuko hujikunja ukazisogeza korodani karibu na mwili, na wakati wa joto hulegea ukaziachia mbali. Ni kama ghala linalofunguliwa na kufungwa ili mbegu za kupanda zisiharibike.

Si viumbe vyote vilivyoumbwa hivyo. Ndovu hana mfuko. Korodani zake hukaa ndani ya mwili maisha yake yote, naye huzaa vizuri. Lakini mtu si ndovu. Korodani ya mtu ikikaa katika joto la tumbo au la kinena, chembe ambazo baadaye zingefanya mbegu za uzazi huanza kuharibika mapema, mtoto angali mchanga, miaka mingi kabla ya balehe. Hii ndiyo sababu waganga husisitiza umri mdogo.

Ni lazima ifahamike pia kwamba korodani ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kufanya mbegu za uzazi. Kazi ya pili ni kutoa homoni iletayo ndevu, sauti nzito na nguvu za kiume. Joto huharibu zaidi ile kazi ya kwanza, na mara nyingi ile ya pili huendelea. Kwa hiyo kijana ambaye korodani zake zote mbili zilibaki juu aweza kukua akawa mtu mzima mwenye ndevu na sauti ya kiume, akaoa, wala asiwe na upungufu wowote unaoonekana. Lakini watoto hawaji. Katika nyumba nyingi anayelaumiwa ni mke. Hupelekwa kwa waganga huku na huku, huitwa tasa, na pengine hurudishwa kwao, hali chanzo cha yote kilikuwa ni jambo dogo ambalo lingalionekana kwa mkono mmoja wa mzazi miaka thelathini nyuma.

HASARA ZAKE

Hasara ya kwanza, basi, ni upungufu wa uzazi. Uchunguzi uliofanywa Pittsburgh, Marekani, juu ya wanaume waliopasuliwa utotoni ulionyesha tofauti kubwa baina ya upande mmoja na pande mbili. Wale waliokuwa na korodani moja isiyoshuka, karibu 90 katika kila 100 waliotafuta watoto waliwapata. Wale ambao zote mbili hazikushuka, waliopata watoto walikuwa yapata 65 katika kila 100. Na mtu ambaye zote mbili zilibaki juu mpaka utu uzima bila kutibiwa, aghalabu hakuna mbegu zinazoonekana kwake kabisa. Mwenye moja asikate tamaa, na mwenye mbili asicheleweshwe hata mwezi mmoja.

Hasara ya pili ni saratani, yaani kansa ya korodani. Ugonjwa huu si wa kawaida, lakini huwapata zaidi wale waliozaliwa na hali hii. Mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Uswidi juu ya wanaume 16,983 waliopasuliwa kati ya mwaka 1964 na 1999. Waliopasuliwa kabla ya kutimiza miaka 13, hatari yao ilikuwa zaidi kidogo ya mara 2 kuliko ya watu wengine. Waliopasuliwa wakiwa na miaka 13 au zaidi, hatari ilikuwa zaidi ya mara 5. Upasuaji wa mapema haukuiondoa hatari yote, lakini uliipunguza sana. Tena, korodani iliyo mfukoni yaweza kuguswa na mwenyewe, na uvimbe ukianza utajulikana upesi. Iliyofichika tumboni haiguswi na mtu.

Hasara ya tatu ni kujisokota. Korodani isiyo mahali pake yaweza kujizungusha juu ya kamba yake, damu ikakatika, nayo ikafa kwa muda wa saa chache. Mtoto mwenye mfuko mtupu upande mmoja, akipatwa ghafula na maumivu makali ya kinena au tumbo na kutapika, apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku. Hasara ya nne ni ngiri, kwa sababu njia iliyopitiwa na korodani mara nyingi hubaki wazi, na kipande cha utumbo chaweza kupenya humo.

NANI ALAUMIWE?

Hakuna. Mama hakukosea kwa kula chakula fulani, wala kwa kubeba kuni, wala kwa kupita mahali palipokatazwa. Baba hakurogwa. Mara nyingi waganga hawawezi kuonyesha sababu moja yakini kwa mtoto fulani. Yajulikanayo ni kwamba hali hii huonekana zaidi kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, kwa waliozaliwa na uzito mdogo, na katika jamaa ambazo baba au ndugu alikuwa nayo. Kwa hiyo baba aliyezaliwa nayo asilifiche jambo hilo kwa mkewe. Kulisema kwaweza kumwokoa mwanawe.

Kuna pia dawa zisizofaa. Kumkanda mtoto kinenani na kuivuta korodani kwa nguvu hakuishushi, bali huweza kuiumiza. Mitishamba haiishushi. Hata sindano za homoni, zilizotumiwa zamani na waganga wengi, zimeonekana kusaidia wachache tu, na miongozo ya siku hizi haizipendekezi.

JINSI YA KUMTAZAMA MTOTO

Kazi hii haihitaji chombo wala fedha. Mama au baba aweza kuifanya nyumbani namna hii. Chagua wakati ambapo mtoto amekwisha kuogeshwa kwa maji ya vuguvugu, ameshiba, naye ametulia. Mikono yako iwe na joto, kwa sababu mkono wa baridi huzifanya korodani zikimbilie juu. Mlaze chali. Weka vidole vya mkono mmoja kando ya mfupa wa nyonga, uvitelezeshe polepole kinenani kuelekea mfukoni. Na kwa vidole vya mkono wa pili pokea kile kinachosukumwa. Korodani ya mtoto mchanga ni ndogo, yapata ukubwa wa punje ya haragwe, nyororo, nayo huteleza chini ya vidole. Tazama upande mmoja, kisha wa pili.

Usipoipata, usihangaike, wala usibonyeze kwa nguvu. Mpeleke mtoto zahanati. Kwa wazazi wa Kenya, safari za chanjo ni nafasi njema: majuma 6, majuma 10 na majuma 14, kisha chanjo ya surua katika mwezi wa 9. Safari hizo zimekwisha kuwekwa. Hakuna gharama mpya ya njia. Mwambie muuguzi waziwazi, “Naomba umtazame mwanangu korodani zake,” na jibu lake liandikwe katika kitabu cha afya ya mama na mtoto. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, ile miezi 6 huhesabiwa tangu siku ambayo angalipaswa kuzaliwa.

Baadhi ya wavulana wana korodani ipandayo na kushuka. Msuli mdogo huivuta juu mtoto anaposikia baridi au hofu, kisha hurudi mfukoni anapotulia. Mganga aweza kuishusha kwa vidole mpaka chini, nayo ikakaa huko alipoiachia. Hiyo si ugonjwa, wala haihitaji kisu. Lakini mtoto huyo atazamwe kila mwaka mpaka balehe, kwa kuwa nyingine hupanda baadaye zisirudi tena.

Onyo moja ni kubwa kuliko mengine. Mtoto mchanga ambaye korodani zake zote mbili hazipatikani kabisa, au ambaye pia tundu lake la mkojo haliko mahali pake, apelekwe kwa mganga mara moja, wala asitahiriwe kwanza. Pengine tezi zilizo juu ya figo zina ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao hubadili umbo la sehemu za siri, hata mtoto wa kike huweza kudhaniwa kuwa wa kiume. Ugonjwa huo waweza kupoteza chumvi ya mwili na kumwua mtoto katika majuma yake ya kwanza; lakini una dawa, kama ukijulikana.

KAZI YA MPASUAJI

Mara nyingi picha za mashine hazihitajiki kabla ya kumwona mpasuaji. Mkono wa daktari mzoefu huipata korodani kwa watoto 80 hivi katika kila 100 wenye hali hii, na picha isiyoonyesha kitu haithibitishi kwamba hakuna kitu. Mzazi asiuze mbuzi kwa ajili ya picha ambayo haikuombwa na mpasuaji.

Upasuaji wenyewe si jambo geni. Mwaka 1877 Thomas Annandale wa Edinburgh, Uskoti, alimpasua mtoto mdogo ambaye korodani yake ilikuwa imepotea nyuma ya mfuko, akairudisha mahali pake kwa salama. Mwaka 1899 Arthur Bevan wa Chicago alieleza njia ya kuilegeza kamba ya korodani ili ifike chini bila kuvutwa kwa nguvu, na mpaka leo wapasuaji hufuata hatua zilizotokana na kazi ya watu kama hao.

Mtoto hupewa dawa ya usingizi, asisikie kitu. Daktari hupasua mahali padogo kinenani, huitafuta korodani, huifungua katika nyama zinazoizuia, na huiziba njia ya ngiri kama iko wazi. Kisha hufanya mfuko mdogo chini ya ngozi ya mfuko wa asili, akaiweka korodani humo ili isipande tena. Aghalabu mtoto hurudi nyumbani siku ile ile. Kidonda kiwekwe kikavu na safi kama alivyoagiza daktari, na kwa majuma mawili hivi mtoto asipandishwe juu ya baiskeli wala kitu chochote cha kukaliwa matagaa. Baada ya miezi kadhaa arudishwe ili daktari aone kama korodani imekaa chini na inakua.

Ikiwa korodani haiguswi kinenani, daktari aweza kuingiza tumboni mrija mwembamba wenye taa na kamera, atazame ilipo. Njia hii ilianza kutumiwa kwa kazi hii mwaka 1976. Pengine huikuta juu mno, na kazi hufanywa mara mbili, kwa nafasi ya miezi kadhaa. Pengine huona kwamba ilikufa kabla ya mtoto kuzaliwa. Basi ile moja iliyobaki, ikiwa nzima, yatosha kwa uzazi na kwa uanaume.

Kama kazi yoyote ya kisu, hii nayo ina hatari zake. Kidonda chaweza kuingia uchafu. Korodani yaweza kupanda tena, au kusinyaa kwa kukosa damu. Mambo haya si ya kawaida, na mzazi ana haki ya kumwuliza daktari juu yake kabla ya kutia sahihi.

Katika miaka ya 1950 waganga wengi walikuwa wakingoja mpaka mvulana akaribie balehe. Ujuzi ulivyozidi, umri ulishushwa. Mwongozo wa madaktari wa njia ya mkojo wa Marekani, uliotolewa mwaka 2014, wasema mtoto ambaye korodani yake haijashuka kwa miezi 6 apelekwe kwa mpasuaji, na kazi ifanywe kabla ya kupita miezi 18.

ALIYECHELEWA AFANYE NINI?

Katika sehemu nyingi za Kenya mvulana hutahiriwa akiwa mkubwa. Wabukusu, kwa mfano, hutahiri mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Mvulana ambaye hatatazamwa na mtu mpaka siku hiyo, ule wakati mwema umekwisha kumpita kwa miaka mingi. Tena fedheha humpata mbele ya wenzake, pasipo kosa lake mwenyewe.

Hata hivyo, aliyechelewa asiseme kwamba mlango umefungwa. Kabla ya balehe upasuaji bado una faida, kama ile hesabu ya Uswidi ilivyoonyesha. Aliyepita balehe naye amwone daktari, kwa kuwa pengine ataona heri kuishusha, na pengine heri kuiondoa, ikiwa ile ya pili ni nzima. Na kila kijana aliyezaliwa na hali hii, awe amepasuliwa au hakupasuliwa, ajifunze kujigusa korodani mara moja kila mwezi anapooga. Akisikia uvimbe mgumu usiokuwapo zamani, asingoje uume.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mtazame mtoto wa kiume mara azaliwapo, na tena katika kila safari ya chanjo.
2. Hadi miezi 6 yafaa kungoja. Baada ya hapo apelekwe kwa daktari.
3. Kazi ya mpasuaji ifanywe kabla ya miezi 18.
4. Zote mbili zikikosekana kwa mtoto mchanga, apelekwe mara moja.
5. Maumivu ya ghafula ya kinena au korodani ni jambo la saa, si la siku.

Samaki mkunje angali mbichi. Mzazi aonaye haya kumtazama mtoto wa miezi mitatu amwachia mzigo mtu mzima wa miaka thelathini, pamoja na mkewe. Jioni hii, mtoto akiisha kuogeshwa, pashe mikono yako joto, umtazame.